Ibn Khaldun na Chuo cha Ulimwengu

Katika miji yetu ya pwani watu wamezoea kuwagawanya wenzao mafungu mawili: aliyesoma na asiyesoma. Aliyesoma ni yule aliyekhitimu chuoni au aliyetoka skuli na cheti mkononi, na asiyesoma ni kila aliyebaki. Mgawanyo huu ni mwepesi kutamka, lakini haukusimama juu ya msingi. Kwani twamwona kijana mwenye vyeti akashindwa na shauri dogo la nyumbani kwake, na twamwona nahodha ambaye hajapata kuandika barua akaongoza jahazi usiku kwa nyota na kwa rangi ya maji, asikosee bandari. Tena twawaona wazee walioishi miaka 70 na wasizidishe kitu juu ya yale waliyoyajua walipokuwa na miaka 20. Basi cheti peke yake hakitoshi, na umri peke yake hautoshi.

Kwa hivyo tumependa kuwaeleza wasomaji wetu maisha ya mtu mmoja aliyeyapata yote mawili, mafunzo ya walimu na mafunzo ya ulimwengu, akayapima haya kwa haya, mpaka akaandika kitabu ambacho hata leo husomwa Mashariki na Magharibi. Mtu huyo ni Abu Zayd Abdurrahman bin Muhammad, ajulikanaye kwa jina la Ibn Khaldun.

Asili ya ukoo wake ni Hadhramaut, nchi ambayo wengi hapa pwani huihisabu kuwa ya babu zao au ya babu za jirani zao. Wazee wake walihamia Andalus, yaani Hispania, katika siku za mwanzo za Waislamu huko, wakakaa Sevilla, mji ambao Waarabu waliuita Ishbilia, wakawa miongoni mwa wakubwa wake. Mji huo ulipokaribia kuanguka mikononi mwa wafalme wa Kikristo, nao ulianguka mwaka 1248, walivuka bahari wakaja Afrika ya Kaskazini, na mwisho wakatulia Tunis. Huko waliwatumikia wafalme wa ukoo wa Hafs, na mmoja katika mababu hao aliuawa kwa sababu ya cheo alichokuwa nacho katika hazina. Baba yake Ibn Khaldun aliiepuka milango ya wafalme akashika ilimu.

Ibn Khaldun alizaliwa Tunis siku ya kwanza ya Ramadhani mwaka 732 Hijria, sawa na tarehe 27 Mei 1332. Alisoma kama walivyosoma watoto wa nyumba za heshima wa zama zake. Alihifadhi Qurani, akajifunza lugha ya Kiarabu kwa baba yake na kwa walimu wengine, kisha akasoma Hadithi na fiqhi ya madhehebu ya Maliki. Mwaka 1347 Sultani Abu al-Hasan wa ukoo wa Marin alitoka Fez akauteka mji wa Tunis, na pamoja na askari wake alifuatana na jamaa kubwa ya wanavyuoni. Kwa kijana mwenye hamu ya kusoma, hilo lilikuwa kama bahari kumletea lulu mlangoni. Miongoni mwa wanavyuoni hao alimpata mwalimu aliyemwathiri kuliko wote, Muhammad bin Ibrahim al-Abili, akasoma kwake mantiki, hisabu na falsafa.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba huyu al-Abili, naye ni mwalimu wa walimu, alikuwa na rai ngeni juu ya masomo. Aliona kuwa wingi wa vitabu na wingi wa madrasa zenye posho umeidhuru ilimu. Zamani mtu alisafiri nchi hata nchi kumtafuta mwalimu, akakaa naye akamwona jinsi atendavyo; kisha watu wakawa wafuata posho, na kununua kitabu wakadhani wameinunua na ilimu iliyomo ndani yake. Rai hii huenda ilizidi mpaka, lakini mwanafunzi wake hakuisahau.

Kisha likaja lisilotazamiwa. Mwaka 1348 na 1349 tauni kubwa, iliyoenea Asia na Ulaya na Afrika ya Kaskazini, iliingia Tunis. Ibn Khaldun alikuwa hajatimiza miaka 18. Baba yake akafa na mama yake akafa, na walimu wake wengi wakafa. Wale wa Maghribi waliosalimika wakarejea kwao Fez. Basi masomo yake yakakatika kwa kuwa hapakubaki wa kumsomesha, wala hakuwa amekhitimu.

Miaka mingi baadaye alipoiandika khabari ya tauni hiyo hakuishia katika kilio. Alieleza jinsi miji ilivyogeuka mahame, njia zikafutika, dola zikadhoofika, na hali za watu zikabadilika kana kwamba ulimwengu umeumbwa upya. Akaona kuwa ulimwengu uliogeuka hivyo wahitaji mtu wa kuuandika upya. Msomaji na aishike tabia hii, kwani tutaiona tena na tena: msiba unapompata mtu huyu, huulilia kama kila mtu, kisha huuliza ni nini sababu yake na ni nini utakachozaa.

Alipokuwa na umri wa kama miaka 20 alipewa kazi katika baraza ya Tunis. Kazi yenyewe ilikuwa kuandika kwa kalamu nene, juu ya barua za Sultani, maneno ya kumhimidi na kumshukuru Mwenyezi Mungu. Ni kazi ya heshima lakini haina zoezi la fikra. Mwaka 1352 alitoka mjini pamoja na jeshi, jeshi likashindwa, naye akashika njia ya magharibi kuwafuata walimu wake. Mwaka 1354 aliingia Fez, akatiwa katika majlisi ya wanavyuoni wa Sultani Abu Inan, akapata tena walimu na vitabu. Lau angaliridhika na hayo, huenda angalikufa mwanachuoni mwema miongoni mwa wengi, na sisi tusingalimjua.

Lakini alikuwa kijana, na milango ya wafalme ina mvuto. Mwaka 1357 ilifika khabari kwa Sultani kwamba Ibn Khaldun anafanya shauri la siri na amiri wa Bijaya, aliyekuwa amezuiliwa huko Fez, ili amsaidie kuurudia mji wake. Akatiwa gerezani. Alikaa humo miezi 21. Aliandika kasida ndefu kuomba msamaha, Sultani akaahidi kumfungua, kisha Sultani mwenyewe akafa mwisho wa mwaka 1358 kabla hajaitimiza ahadi. Aliyemfungua ni waziri, na waziri huyo ndiye aliyemweka mtoto mdogo juu ya kiti cha ufalme, akawa yeye ndiye mwenye amri. Katika kitabu chake Ibn Khaldun ameweka mlango mzima juu ya mawaziri wanaowatawalia wafalme watoto, na jinsi jina la ufalme libakivyo mahali pamoja na nguvu zake zikahamia mahali pengine. Mlango huo hakuunakili kwa mtu. Alikuwa mfungwa katika mji ambamo jambo hilo lilitokea.

Katika siku zake za Fez kuna kisa kimoja kitakachowafurahisha watu wa Mombasa. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri ambaye mwaka 1331 alipita Mombasa akielekea Kilwa, alirejea kwao Maghribi baada ya safari za zaidi ya miaka 20, akawa anasimulia mambo ya India na ya nchi za mbali. Watu wa baraza wakanong'onezana kuwa ni mwongo. Ibn Khaldun naye aliingiwa na shaka kama wao, akamwendea waziri Faris bin Wadrar akamweleza. Waziri akamwonya asikanushe khabari za nchi kwa kuwa tu hajaziona, akampigia mfano wa waziri mmoja aliyefungwa miaka mingi pamoja na mtoto wake mchanga. Mtoto alikulia gerezani. Alipopata akili akawa anamwuliza baba yake nyama wanayoletewa ni ya nini, na baba kila akimweleza kondoo au ng'ombe au ngamia, mtoto alidhani ni aina ya panya, kwani katika maisha yake hakuna mnyama aliyemwona ila panya wa gerezani.

Ibn Khaldun alikitia kisa hiki katika kitabu chake, na akaongeza lililo muhimu. Hakusema kuwa kila asimuliacho msafiri kisadikiwe. Alisema mtu arejee kwenye misingi, apime kwa akili yake yanayowezekana na yasiyowezekana, akubali yaliyo katika uwezekano na akatae yaliyo nje yake. Maana aliyeona kidogo yuko katika khatari mbili: kukanusha ukweli kwa kuwa hajauona, na kusadiki uwongo kwa kuwa hana cha kuupimia.

Mwisho wa mwaka 1362 alivuka kwenda Granada kwa Sultani Muhammad wa tano, ambako alikuwako rafiki yake, waziri na mwandishi mkubwa Ibn al-Khatib. Mwaka 1364 Sultani alimtuma balozi kwa mfalme Pedro wa Kastilia, akamkuta Sevilla. Hapo aliona kwa macho yake athari za wazee wake katika mji uliowatoka zaidi ya miaka 100 nyuma. Pedro alitaka abaki kwake, akamwahidi kumrudishia milki za ukoo wake. Alikataa akarejea. Kisha urafiki wake na Ibn al-Khatib ukaingia doa la wivu wa barazani, akaona kheri aondoke.

Mwaka 1365 yule amiri wa Bijaya, ambaye kwa ajili yake alifungwa, alikuwa amekwisha upata mji wake. Akampa cheo cha hajib, nacho ndicho cheo kikubwa baada ya mwenye ufalme. Asubuhi aliendesha mambo ya nchi, na akimaliza alikwenda msikitini akasomesha. Alipanda mwenyewe milimani kwa makabila ya Waberberi kukusanya kodi kwao, nao si watu wa kutoa kwa hiari. Mwaka uliofuata amiri wake aliuawa vitani na binamu yake, mtawala wa Constantine. Baadhi ya watu wa mji walitaka awekwe mtoto wa marehemu juu ya kiti. Ibn Khaldun hakukubali, akautoa mji kwa mshindi.

Hapa yatupasa kusema wazi. Hatuandiki maisha ya watu wakubwa ili tufiche kasoro zao. Katika miaka hii Ibn Khaldun alihama kutoka mtawala huyu kwenda kwa yule zaidi ya mara moja, na mara nyingine aliyemwacha alikuwa amemtendea wema. Wako wanaomtetea kuwa dola zote zilikuwa zinabomoka, na wako wanaomlaumu. Sisi hatumsifu kwa hayo. Lakini twaona kuwa hapo ndipo lilipo funzo kubwa la maisha yake: hakuyaacha makosa yale yapite bure. Aliyafanya kuwa maswali. Kwa nini dola hizi hazidumu? Kwa nini mfalme mwenye kasri na hazina hushindwa na watu wa jangwani wasio na ngome?

Jawabu hakuipata barazani. Kwa karibu miaka tisa baada ya Bijaya alikaa Biskra na huku na huku, akatumwa na watawala mbalimbali kuyavuta makabila ya Waarabu wa jangwani kwa ahadi na zawadi. Alilala katika hema zao, akawajua wakubwa wao, akaona jinsi watu wachache wenye kushikamana wanavyoshinda wengi waliotawanyika. Mwisho wa mwaka 1374 Ibn al-Khatib, rafiki yake wa zamani, aliuawa gerezani Fez, na kule kumwombea kwake hakukufaa kitu. Basi mwaka 1375, alipotumwa tena kwa makabila na mtawala wa Tlemcen, alitoka mjini akageuka njia, akaomba hifadhi kwa kabila la Awlad Arif. Wakampa makao, yeye na ahli yake, katika ngome iitwayo Qalat Ibn Salama, iliyo katika nchi ya Algeria ya leo.

Alikuwa na umri wa miaka 43. Nyuma yake palikuwa na tauni, gereza, ubalozi, uwaziri, vita, kukimbia na kufiwa. Watu wengi wamepita katika mambo kama hayo wakatoka mikono mitupu, au wametoka na uchungu tu. Yeye alikaa katika ngome ile zaidi ya miaka mitatu, mbali na mabaraza, akakusanya aliyoyaona na aliyoyasoma. Katika miezi mitano ya mwaka 1377 aliimaliza rasimu ya kwanza ya Muqaddima, yaani utangulizi wa kitabu chake kikubwa cha historia. Kisha akawa mgonjwa, tena akahitaji vitabu vya kuhakikishia khabari, kwani mambo mengi alikuwa akiyaandika kwa kuhifadhi. Akarejea Tunis mwaka 1378, mji wake wa kuzaliwa.

Hatuwezi kuueleza utangulizi huo wote katika kurasa zetu chache, lakini tutataja mambo machache yanayohusu maneno yetu.

La kwanza ni juu ya khabari. Aliwaona waandishi wa historia kuwa wananakili bila kupima. Baadhi yao wametaja kuwa jeshi la Nabii Musa jangwani lilikuwa watu 600,000 wenye silaha au zaidi. Ibn Khaldun, aliyepanda farasi pamoja na majeshi, aliuliza: jeshi kama hilo litajipanga wapi, na upande mmoja utajuaje yanayotendeka upande wa pili? Kwake khabari ya tukio hupimwa kwanza kwa tabia ya mambo yenyewe, ndipo aulizwe nani ameisimulia. Hapa uzoefu wake ndio uliokuwa mizani ya vitabu vyake.

La pili ni juu ya dola. Alisema nguvu ya dola hutokana na asabiya, nayo ni kule kushikamana kwa watu hata wakawa tayari kuteteana. Kizazi cha kwanza huijenga dola kwa shida, cha pili hukumbuka shida hiyo, na cha tatu huzaliwa katika starehe kisijue ililetwa na nini. Hivyo umri wa dola kwa kawaida hauzidi vizazi vitatu, kama miaka 120. Na juu ya kodi alisema kuwa mwanzo wa dola kodi ni ndogo na mapato ni makubwa, kwani watu wana hamu ya kufanya kazi. Na mwisho wake kodi ni kubwa na mapato ni kidogo, kwani watu wamevunjika moyo. Aliyeandika hayo amepata kusimama milimani akidai kodi kwa mkono wake.

La tatu ni juu ya kusoma kwenyewe, nalo ndilo tulilolikusudia. Alisema kuwa ilimu na kazi za mikono zote hukamilika kwa kuwa tabia iliyokita ndani ya mtu, na tabia hiyo haiji ila kwa kutenda na kukariri. Akapiga mfano wa mtu anayejua kueleza ushoni wote, jinsi ya kutia uzi katika sindano na kupitisha katika nguo, lakini akipewa nguo ashone hajui pa kuanzia. Ndivyo alivyo, asema, anayejua kanuni zote za sarufi asiweze kuandika barua njema kwa nduguye. Akawakataza walimu ukali juu ya watoto, kwa kuwa mtoto aliyelelewa kwa kupigwa hujifunza uwongo na hila ili ajiokoe. Na akasema neno lililowauma wenzake: kwamba wanavyuoni ndio walio mbali kuliko watu wote na mambo ya siasa, kwani wamezoea kufikiri kwa jumla na kulinganisha, wakitaka mambo ya nje yafuate yaliyomo vichwani mwao, na mambo ya nje hayafuati.

Je, alikuwa anaidharau ilimu ya walimu? Hasha. Katika mlango wa akili ipatikanayo kwa majaribio ameeleza kuwa mtu hujua katika kuamiliana na watu lipi la kutenda na lipi la kuacha, na hujua hayo kwa kujaribu. Lakini njia hiyo ni ndefu, na huenda umri ukaisha kabla haijaisha. Mwenyezi Mungu amewarahisishia wengi njia fupi, nayo ni kuwafuata wazazi na walimu na wakubwa, na kuchukua kwao yale ambayo wao waliyalipia. Asiyetaka njia fupi atabaki na ile ndefu. Hapo akaitaja methali ya Waarabu kwamba ambaye hakuadibiwa na wazazi wake ataadibiwa na zamani. Msomaji ataona mara moja kuwa methali hiyo ndiyo yetu sisi, yakuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Watu wengi huitumia methali hii kwa kutisha tu. Kwa Ibn Khaldun ina maana pana zaidi. Mafunzo ya mzazi na ya mwalimu ni majaribio ya watu waliotangulia, yaliyofungwa yakatolewa kama zawadi; na ulimwengu nao hufunza, lakini hutoza karo kubwa. Mwenye akili huipokea zawadi, kisha huipima katika maisha yake mpaka iwe mali yake.

Na ushahidi wa rai hii umo hata katika kosa lake. Aliposema juu ya Maghribi alisema aliyoyaona. Lakini alipozitaja baadhi ya jamii za watu weusi wa kusini, ambako hakupata kufika, aliyakariri maneno ya dharau yaliyokuwa yakizungushwa katika vitabu, maneno ambayo mtu yeyote aliyepata kukaa katika miji ya Afrika hawezi kuyakubali. Aliyewafundisha wengine kupima khabari hakuipima hiyo. Hivyo hata mtu mkubwa, anapoondoka katika aliyoyajua kwa hakika, huwa kama yule mtoto wa gerezani na panya wake.

Mwaka 1382 aliondoka Tunis kwa nia ya kuhiji, akashuka Iskandaria, na mwanzo wa mwaka 1383 akaingia Cairo. Wanafunzi walimzunguka, akasomesha katika msikiti wa al-Azhar. Mwaka 1384 Sultani Barquq alimfanya kadhi mkuu wa madhehebu ya Maliki. Hapo alikuta mashahidi wanaonunuliwa, hati za wakfu zinazochezewa na fatwa zinazogongana. Mtu aliyeishi miaka mingi katika mabaraza alizijua hila hizo zote, kwa hivyo hazikumpita. Aliwatia adabu wenye kughushi na akakataa maombezi ya wakubwa. Waliodhurika wakapiga kelele, wakamwita mgeni asiyejua desturi za Misri.

Katika siku hizo hizo lilimfika pigo lililo zito kuliko yote. Ahli yake walikuwa wamezuiliwa Tunis, na Sultani Barquq alikuwa amewaombea ruhusa waje. Wakapanda chombo, chombo kikapigwa na dhoruba kabla hakijafika Iskandaria, wakazama. Mwaka 1385 aliondolewa katika ukadhi. Mwaka 1387 alihiji, akarejea katika kusomesha na kuandika. Alirudishwa katika ukadhi na kuondolewa mara kwa mara mpaka akafikisha mara sita, na wala hakuacha vazi lake la Kimaghribi.

Jaribio la mwisho lilimjia akiwa na umri wa miaka 68. Mwanzo wa mwaka 1401 alikuwa Damascus pamoja na wanavyuoni wengine, na Timur, mshindi wa mataifa, ameuzingira mji. Sultani wa Misri alikuwa amekwisha rudi Cairo na jeshi lake. Milango ilikuwa imefungwa kwa khitilafu za wenye mji, basi mzee huyu akateremshwa ukutani kwa kamba, akapelekwa hemani kwa Timur. Walizungumza kwa mkalimani. Timur alimwuliza juu ya Maghribi, akamwamuru amwandikie khabari za nchi hizo, akaziandika. Alikwenda na kurudi kwake kwa muda wa siku kama 35, akaangalia kwa makini jambo ambalo alikuwa ameliandika kwa miaka mingi: mtu wa makabila, mwenye watu walioshikamana, akizibomoa dola zilizochakaa. Aliwaombea amani baadhi ya wenzake wakapewa. Lakini mji haukuokoka. Ulitekwa nyara na msikiti wake mkuu ukaungua. Ilimu yake iliweza kumweleza kwa nini jambo lile linatokea, haikuweza kulizuia. Njiani akirejea Misri aliporwa na wanyang'anyi, akafika salama, akayaandika hayo yote katika khabari za maisha yake.

Alikufa Cairo mwezi wa Ramadhani mwaka 808 Hijria, yaani Machi 1406, akiwa kadhi kwa mara ya sita, akazikwa katika makaburi ya masufi nje ya Bab al-Nasr. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Basi ndugu zetu, maisha haya yana neno kwa kila mmoja wetu. Kijana aliyepata cheti na asijione amemaliza, kwani Ibn Khaldun alipomaliza kusoma kwa al-Abili alikuwa hajaanza. Na aende akakae na nahodha, na fundi wa majahazi, na mama aliyelea watoto kumi kwa kuuza mikate, awaulize wanajuaje wanayoyajua. Mzee naye asimnyamazishe kijana kwa kumhisabia miaka yake tu. Amweleze ndani ya miaka hiyo alikosea wapi, na kwa nini, na angeyarudia angelitenda nini. Mzee akifa nayo kifuani, yule kijana itampasa ayalipie tena mambo yale yale, kwa bei ile ile.

Na sote, tukipatwa na jambo, tuwe na saa ya kukaa kando tukalihisabu. Si lazima iwe ngome ya jangwani. Kibaraza baada ya Isha chatosha, na daftari, na mwenzako mmoja mkweli wa kukuambia ulipokosea.